Kabla hujaomba uhamisho wa kuja Dar, mwalimu mwenzangu, soma hapa

Jumapili iliyopita nikiwa nasahihisha madaftari ya kidato cha pili, uliingia ujumbe mrefu kwenye simu yangu. Aliyeuandika ni kijana aliyemaliza shahada ya ualimu, akakaa mtaani miaka minne akijitolea shule ya kata kwa posho inayochangwa na wazazi, na sasa jina lake limetoka kwenye orodha ya ajira. Amepangiwa wilaya moja ya Tabora. Alianza na shikamoo, akaeleza furaha ya mama yake, kisha akauliza: "Madamu, watu wananiambia nikaripoti tu, nipate cheki namba, ile namba ya mtumishi kwenye malipo ya serikali, halafu nianze mipango ya kuhamia Dar. Wewe ulitoka hukohuko. Hivi mshahara huu unatosha wapi?"

Nilianza kumjibu mara tatu nikafuta. Swali hilo mimi nilipaswa kumuuliza mtu mwaka 2019 na sikumuuliza yeyote, na nimelilipia kwa miaka. Basi mdogo wangu, jibu lako hili hapa, na najua hauko peke yako.

Niliripoti Mei 2015, nina miaka 24, begi moja na godoro la inchi nne. Shule ilikuwa kilomita karibu 90 kutoka mjini, ndani kabisa kwenye mashamba ya tumbaku. Tulikuwa walimu sita. Nyumba ya mwalimu ilikuwa moja tu na mkuu wa shule ndiye aliyekaa humo, kwa hiyo nikapanga chumba kwa mama mmoja mwenye duka, 15,000 kwa mwezi. Fedha ya kujikimu niliyopewa ilikuwa ya siku saba. Mshahara ulichelewa miezi mitatu kwa sababu jina halikuwa limeingia kwenye mfumo. Yule mama, ambaye mpaka leo namwita Mama Mdogo, alinifungulia ukurasa kwenye daftari la madeni: unga, mafuta ya taa, sabuni, dagaa. Hakuniuliza nitalipa lini. Aliniambia tu, "Mwanangu, serikali haifi." Mshahara wa kwanza ulipoingia na malimbikizo yake nilimlipa yote siku hiyohiyo, na nilimnunulia kitenge.

Mshahara wa kuanzia wa mwalimu wa shahada, daraja la TGTS D1 kwenye ngazi ya mishahara ya walimu wa serikali, ulikuwa 716,000 tangu Julai mwaka ule. Kwa pesa hiyo, kule kijijini niliishi kama mtu. Kila asubuhi nilitembea dakika kumi kwenda shule. Nilikula viazi vitamu vilivyokaushwa, yaani michembe na karanga, matobolwa na maziwa, ugali wa mahindi niliyonunua kwa gunia wakati wa mavuno. Mwaka wa pili nikalima ekari mbili za karanga, kwa vibarua niliowalipa mimi mwenyewe, maana sikutaka mwanafunzi hata mmoja aguse jembe langu. Nikanunua paneli ya sola na baiskeli. Kila mwezi nilimtumia mama yangu laki moja. Mwaka 2017 niliezua nyumba yake yote nikaiezeka upya kwa bati za geji 30. Nalisema hili kwa kujivuna kabisa. Mama yangu ni mwalimu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, wale vijana wa darasa la saba waliofundishwa ualimu huku wanafundisha, baada ya Azimio la Musoma la 1974, nchi ilipoamua kila mtoto aende shule. Alifundisha miaka zaidi ya 30, na bati lake la kwanza jipya alinunuliwa na mshahara wa mwalimu mwingine.

Lakini nisikudanganye kwamba kijiji ni cha bure. Kufuatilia jambo moja halmashauri ilikuwa bodaboda 20,000 kwenda na kurudi, na kama mhusika hayupo, unalala gesti. Maji ya kisima nilinunua kwa dumu. Malaria ikikupata usiku, unaisubiri asubuhi. Mwaka 2012 nilikuwa chuoni walimu walipogoma Julai 30, chama chao kikidai mshahara upande kwa asilimia 100, na katikati ya madai yale kulikuwa na asilimia 30 ya posho kwa wanaofundisha kwenye mazingira magumu. Mahakama Kuu, Kitengo cha Kazi, ikaamuru mgomo usitishwe, watu wakarudi darasani. Chuoni sisi tulibishana zaidi juu ya ile asilimia 100. Baada ya kukaa Tabora nilielewa kwamba ile 30 ndiyo ilikuwa na akili zaidi, kwa sababu ndiyo pekee iliyouliza mwalimu yuko wapi.

Hapo ndipo penye kiini cha yote. Ngazi ya mshahara ni moja kwa nchi nzima. Mwalimu wa D1 wa Mbagala na mwalimu wa D1 wa kijijini Kaliua wanaandikiwa tarakimu ileile. Bei ya chumba haijui ngazi hiyo, nauli haijui, gunia la mkaa halijui.

Mimi sikuliona hilo. Nilichoona ni picha. Wenzangu niliosoma nao walikuwa Dar, wanapiga picha ufukweni, wanasoma shahada ya pili jioni, wanaolewa. Mimi nilikuwa na karanga. Nikaanza kuamini kwamba maisha yananipita. Nikaomba uhamisho, nikafuatilia karibu mwaka mzima, na mwaka 2019 nikaupata. Uhamisho wa kuomba mwenyewe haulipwi, kwa hiyo usafiri, mizigo, kila kitu kilitoka mfukoni mwangu. Akiba yote ya Tabora ilikwisha kabla sijafundisha kipindi cha kwanza. Chumba na sebule kule Gongo la Mboto kilikuwa 80,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi sita mkupuo: 480,000, na hela ya dalali juu yake.

Sasa nikufungulie hati yangu ya mshahara ya mwaka ule. Juu imeandikwa 716,000. Chini yake mfuko wa hifadhi ya jamii asilimia 5, bima ya afya asilimia 3, chama cha walimu asilimia 2, kodi ya mapato, halafu Bodi ya Mikopo asilimia 15, ambayo nilipoanza kazi ilikuwa asilimia 8 mpaka sheria ilipobadilishwa mwishoni mwa 2016. Sina ugomvi na deni lile, nilikopa nikasoma. Ninachokuonyesha ni kwamba mkononi zilibaki kama 450,000. Kule kijijini, 450,000 ukitoa kodi ya nyumba na chakula nilibaki na zaidi ya nusu. Gongo la Mboto, nilipotoa 80,000 ya chumba, 44,000 ya daladala mbili kwenda na mbili kurudi, 50,000 ya mama (nilishampunguzia nusu, na hakusema neno, na hiyo iliniuma kuliko kama angelalamika), chakula, umeme, maji ya kununua na mwanangu aliyezaliwa mwaka uleule, tarehe 10 nilikuwa sina kitu. Tarehe 10! Na nilikuwa mwalimu mzuri. Somo langu la Historia liliongoza shule ile kwa ufaulu miaka miwili mfululizo.

Ikaja benki. Maofisa mikopo wanaijua shule ya serikali kuliko wakaguzi. Wanakuja ofisi ya walimu saa nne, wakati wa chai, na fomu mkononi. Nikasaini milioni 5 ya miaka mitano ili ninunue kiwanja Chanika, na makato yakawa 124,000 kila mwezi. Kiwanja nilikinunua. Kilikuwa na mgogoro, na mpaka leo sikai hapo. Sitalieleza zaidi, linachosha.

Usisaini mkopo mwaka wa kwanza wa kufika mahali. Nitalirudia tena chini.

Mwaka 2021 kodi ya miezi sita iliisha na sikuwa na hata laki moja. Mwalimu mwenzangu akanionyesha mtu. Nyinyi mnaijua mikopo hiyo kwa jina lake, kausha damu. Nilichukua 500,000, nirudishe 650,000 mwisho wa mwezi, na dhamana ni kadi yangu ya benki pamoja na namba ya siri. Niliandika namba ya siri kwenye kipande cha karatasi ya mtihani nikampa mtu nisiyemjua ukoo wake. Mshahara uliposoma, alitoa mapema alfajiri kabla sijaamka. Kilichobaki hakikufika tarehe 5, nikarudi kwake. Ikawa hivyo miezi kumi na moja. Kuna sheria inayotaka mtumishi abaki na theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato, na benki hulazimika kuiheshimu kwa sababu makato yanapita kwa mwajiri. Mwenye kadi yako hapiti kwa mwajiri. Anachota theluthi yako nayo.

Siku moja akamtuma kijana wake shuleni. Alisimama getini wakati wa mapumziko, mkononi ana kadi za benki zimefungwa kwa mpira wa kufungia hela. Akaanza kuita majina yetu, moja baada ya jingine, kama mwalimu wa darasa anavyoita mahudhurio. Walimu wanne. Jina langu lilikuwa la tatu. Wanafunzi wa kidato cha tatu walikuwa wamekaa chini ya mwarobaini pale getini na walisikia yote. Kipindi kilichofuata nilikuwa na hao hao. Nilifundisha biashara ya watumwa nikiwa natazama ubao dakika 80, sikugeuka hata mara moja. Mpaka leo, nikimwona mtu kafunga kitu kwa mpira ule wa rangi ya kahawia, tumbo linanishika.

Kilichoniokoa ni daraja. Nilistahili kupanda 2018, lakini upandaji ulisimamishwa 2016 kwa ajili ya uhakiki wa watumishi, mambo yakachelewa, na tukasubiri. Nilipanda 2021, kutoka D kwenda E, 940,000. Wenzangu waliocheleweshewa madaraja wanajua ninachosema: zaidi ya laki mbili kwa mwezi ambazo zilikuwa zangu kwa miaka mitatu na hazikufika. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi usiku. Ongezeko lote la miezi mitano ya kwanza nilimpelekea yule mtu mpaka nikachukua kadi yangu. Siku hiyohiyo nilikwenda benki nikabadili namba ya siri, nikakaa kwenye ngazi za benki nikalia, na askari wa getini akaniletea maji.

Naijua aibu hiyo, kwa hiyo nikikuambia jambo nisikilize.

Usitazame mshahara wa juu. Kila anayekuambia "mwalimu wa shahada analipwa kiasi fulani" anakusomea mstari wa kwanza. Mwaka 2022, baada ya nyongeza iliyoahidiwa Mei Mosi pale Dodoma, walikuja shuleni kwetu vijana wawili wapya, mmoja wa shahada, mmoja wa stashahada. Wa shahada D1, 771,000. Wa stashahada C1, 590,000. Tofauti ya 181,000, na yule wa shahada alitembea kama mtu mwenye 181,000 zaidi. Hati za kwanza zilipotoka walizilaza mezani ofisini, tukapiga hesabu pamoja. Wa stashahada, ambaye hakuwa na deni la Bodi, alibaki na 502,900. Wa shahada, baada ya kodi na Bodi na mengine, alibaki na 515,760. Tofauti ilikuwa 12,860. Yule kijana alikaa kimya, akarudia kwa simu yake, akapata ileile. Lakini wa stashahada alikuwa anaishi kwa shangazi yake, mtaa wa nyuma ya shule, hana kodi wala nauli. Yule wa shahada alikuwa amepanga Kimara. Sasa niambie kati yao ni nani aliyelipwa zaidi.

Kwa hiyo chukua hati, toa makato, toa nyumba, toa nauli ya kwenda kazini. Hicho kinachobaki ndicho mshahara wako wa mahali hapo. Fanya hivyo kwa Tabora, halafu fanya hivyo kwa Dar kwa bei za Dar za kweli, si za picha. Muulize mwalimu anayekaa huko anatoa kiasi gani kwa dalali, anapanda daladala ngapi, mkaa au gesi anajaza kwa bei gani. Ukimaliza hesabu hiyo na bado unataka kuhama kwa sababu mke wako yuko huko, au mama anaumwa, hama. Hayo ni maisha. Ila usihame kwa sababu ya picha ya mtu ufukweni.

Na usisaini mkopo mwaka wa kwanza. Nimesema nitalirudia. Mkopo wa benki subiri ujue mahali pamekaaje. Mkopo wa mtaani usiusaini kabisa. Tangu sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018, mkopeshaji anatakiwa awe na leseni. Muombe akuonyeshe. Akikuomba kadi yako, ondoka, hata kama umeshakaa kwenye kiti chake na umeshakunywa soda yake. Jiunge na kikoba cha walimu wenzako, hata kama ni cha 5,000 kwa wiki. Mimi kikoba changu cha wanawake kumi na wawili ndicho kilichonilipia kodi ya miezi sita mwaka 2023, kwa riba iliyorudi kwetu sisi wenyewe.

Je, mwalimu analipwa kwa haki? Nimeulizwa hilo na wengi. Mimi nasema hapana, na sisemi kwa hasira, nasema kwa hesabu. Mei Mosi 2025 kule Singida, Rais Samia alipotangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kupanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, asilimia 35.1, nilishangilia mbele ya televisheni mpaka mwanangu akaogopa. Ni hatua kubwa na ninaishukuru. Agosti, mwenye nyumba wa mwalimu mwenzangu alipandisha kodi kwa 20,000, akasema wazi kwamba "si mmeongezewa?" Mwenye nyumba naye husikiliza hotuba ya Mei Mosi.

Ndiyo maana nasema mwalimu apewe nyumba. Mama yangu, kwa mshahara mdogo kuliko wangu wa kuanzia, hakulipa kodi ya nyumba hata mwezi mmoja kwa miaka yote aliyofundisha. Alikaa nyumba ya shule, vyumba viwili, jiko la nje, shamba nyuma. Alitusomesha wanne. Mimi nina shahada na sijafika alipofika yeye kwa mtoto mmoja. Tofauti yetu ni ile nyumba. Walimu wakuu na wakuu wa shule wana posho ya madaraka, na ni sawa, wanabeba mzigo. Mwalimu wa kawaida aliyepelekwa mahali asipopachagua, apewe paa, au apewe posho inayolingana na kodi ya mahali pale: Dar kwa bei ya Dar, Tabora kwa umbali wa Tabora. Hapo ndipo tarakimu moja ya nchi nzima itakuwa na maana. Viongozi wetu wa chama wakikaa mezani, walete hilo kabla ya asilimia. Na sisi walimu tuache kujificha. Mwalimu anayejificha na hati yake ndiye anayeangukia kwenye kausha damu, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba tarehe 10 hana kitu. Mimi nilijificha. Mimi na wale watatu walioitwa nami getini tulikuwa tunakunywa chai meza moja kila siku na hakuna aliyejua habari ya mwenzake.

Mwezi uliopita hati yangu ilitoka bila mstari wa Bodi ya Mikopo. Nimemaliza. Nilimpigia mama simu nikamwambia laki yake imerudi kuwa laki. Akauliza kama nimekula.

Basi mdogo wangu, nenda Tabora. Ripoti na nakala za vyeti zilizothibitishwa, nakala tatu tatu, usije ukatumwa mjini kwa karatasi moja. Beba akiba ya miezi mitatu ukiweza, kwa sababu mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa, na kama huna, fika kwa adabu kwa mwenye duka na umweleze ukweli siku ya kwanza. Andika kila unachokopa kwenye daftari lako mwenyewe pia. Karanga zipandwe mvua za mwanzo, wakulima wa hapo watakuonyesha. Hati yako ya kwanza ikitoka, ipige picha, ficha cheki namba, unitumie, tupige hesabu pamoja kabla afisa wa benki hajafika saa nne na fomu yake.